Shamba la Marehemu na Haki ya Binti

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mrithi wa ardhi na wote walio juu yake. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kufuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Wabaadu.

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa letu tumefika kwenye aya za mirathi zilizomo katika Suratun Nisaa, yaani aya ya 11 na ya 12, pamoja na ile ya mwisho ya sura hiyo. Aya hizi zina jambo la kutazamwa sana. Sala ndiyo nguzo ya dini, lakini hesabu ya rakaa zake hatukuipata katika Qur'ani, tumeipata kwa Mtume (s.a.w.). Zaka vile vile, viwango vyake vimebainishwa na Sunna. Lakini mafungu ya mirathi Mwenyezi Mungu ameyataja Mwenyewe moja moja katika Kitabu chake: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Hakumwachia mfalme kuyapima, wala mzee wa ukoo, wala baba, wala ndugu. Kisha akayaita mafungu hayo mipaka yake, akaahidi Pepo kwa mwenye kutii na Moto kwa mwenye kuivuka mipaka hiyo. Basi anayedhani kwamba kula fungu la dada yake ni jambo dogo la nyumbani, na azisome aya mbili zinazofuata, ya 13 na ya 14, kisha ajipime.

Vitabu vyetu vya faraidh hufundisha kwa mifano ya dinari na ngamia. Sisi tumependa safari hii tuchukue mfano wa shamba, na shamba lenyewe liwe la Kakamega. Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akauliza: Sisi watu wa bandari, tuna nini na mahindi na miwa ya Kakamega? Jawabu ni kwamba tuna mambo mawili. La kwanza, Uislamu wa kule ulitoka kwetu. La pili, maradhi ya kule ndiyo maradhi yetu.

UISLAMU ULIVYOFIKA KULE

Kabla ya reli kufika ziwani mwaka 1901, misafara ya wafanya biashara kutoka pwani ilikuwa ikipita katika nchi ya Wanga, ikitua kwenye boma la Nabongo Shiundu, na baada yake kwa mwanawe Nabongo Mumia, aliyeshika utawala yapata mwaka 1882 na kufariki mwaka 1949. Mji huo ndio uitwao leo Mumias, nao umo katika Kaunti ya Kakamega. Watu wetu walipeleka nguo na shanga, wakachukua pembe za ndovu. Na haki isemwe: wapo katika wao waliopeleka bunduki pia, wakaingia katika vita vya wenyeji kwa wenyeji, wakateka roho za watu kama watekavyo mali. Hayo ni madhambi, na kuyaficha hakuyaondoi. Lakini Mwenyezi Mungu kwa rehema zake hutoa kheri mahali asipotazamia mtu. Mumia akasilimu, na wengi katika jamaa zake wakasilimu, na adhana ikasikika katika nchi ile kabla ya mashamba yake kujua karatasi ya serikali.

Basi na tujiulize: tuliwapelekea nini? Tuliwapelekea kanzu na kofia, na hayo ni mazuri. Tuliwapelekea sala na saumu, nayo ni msingi. Tuliwapelekea maulidi na hitima. Lakini ilimu ya kugawa mali ya maiti, je, tuliipeleka? Au tuliiacha njiani, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa hatuitumii? Hatusemi haya kwa kuwalaumu ndugu zetu wa Mumias, ambao wameishika dini mbali na miji ya ilimu na wakaisomesha watoto wao. Lawama kwanza humpata mwenye kujua akanyamaza.

SHAMBA KABLA YA KARATASI NA BAADA YAKE

Katika mila ya Waluhya ardhi ilikuwa ya ukoo. Wazee walikutana asubuhi penye moto wao, mahali paitwapo oluhia, wakasikiliza madai ya mipaka na kuamua. Mwana wa kiume alipooa alikatiwa sehemu ya kulima. Binti hakukatiwa, kwa kuwa aliolewa katika ukoo mwengine, na huko ndiko alikolima. Hata mgeni asiye wa ukoo, ambaye wao humwita omumenya, alipewa mahali akajenga na kulima kwa ihsani ya wenyeji. Na maiti huzikwa katika boma lake, basi kaburi la babu huwa ndiyo hati ya mjukuu.

Mila hiyo ilikuwa na upungufu wake mbele ya sharia ya Mwenyezi Mungu, lakini ilikuwa na huruma ndani yake. Ardhi ilikuwa kubwa, na aliyeachwa au kufiwa na mume hakukosa pa kupanda mtama wake. Kisha zikaja zama nyingine. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa Swynnerton wa kukusanya vipande vya mashamba, kuvipima na kuviandikia wenyewe. Na mwaka 1963 ikatoka Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, iliyompa aliyeandikwa jina lake milki kamili. Basi pale pale palipokuwa na haki za watu kumi, mjane na binti na mama mzee na omumenya, pakaandikwa jina la mtu mmoja. Mila ilisema kwamba mtu huyo ni mwangalizi. Karatasi ikasema kwamba ni mwenye mali. Na mwanadamu akihiyarishwa baina ya amana na milki, aghlabu huchagua milki.

Na watu wa Kakamega wanaijua karatasi na hila zake tangu zamani. Mwaka 1930 serikali ilitoa sheria ya kuhifadhi ardhi ya wenyeji, ikatamka kwamba ardhi ile ni yao daima, na kwamba ikichukuliwa sehemu yoyote, watapewa nyingine iliyo sawa nayo. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Wazungu wakamiminika na sururu na mahema. Na kabla mwaka 1932 haujamalizika, sheria ile ile ilibadilishwa, ikawezekana kuchukua ardhi kwa kulipa fedha tu, bila ya kutoa shamba badala ya shamba. "Daima" ya serikali ilidumu miaka miwili. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952; dhahabu ilikwenda zake, na mashimo yakabaki.

Kila anayesikia khabari hii hukasirika, na ana haki ya kukasirika. Lakini, ewe ndugu yangu, tazama vizuri. Aliyekuwa na nguvu alimtoa mnyonge katika haki iliyoandikwa, kwa kubadilisha andiko. Sasa wewe ambaye baba yako amekufa, ukaenda ofisi ya ardhi ukaliandikisha shamba lote kwa jina lako na la ndugu yako wa kiume, hali dada zako watatu wako hai na mama yako yu hai, umefanya tafauti gani na wale? Wao walibadilisha sheria ya gavana. Wewe umebadilisha sheria ya Mwenyezi Mungu.

KISA CHA MABINTI WA SAAD

Wenye kudhulumiwa katika mirathi walikuwapo hata katika Madina, na Mwenyezi Mungu aliwasikia. Saad bin Rabii (r.a.) aliuawa shahidi katika vita vya Uhud, akaacha mke na mabinti wawili. Ndugu yake marehemu akaja akachukua mali yote, kwa kuwa desturi ya Waarabu ilikuwa kwamba harithi mwanamke wala mtoto, hurithi mwenye kushika silaha. Mjane yule akawachukua mabinti zake akaenda nao kwa Mtume (s.a.w.), akamshitakia kwamba ami yao amechukua kila kitu, na kwamba hawatapata kuolewa pasipo na mali. Mtume hakumhukumu kwa rai yake. Alimwambia kwamba Mwenyezi Mungu atakata shauri. Ndipo ikateremka aya ya mirathi. Mtume akamwita ami yule, akamwamuru awape mabinti wawili thuluthi mbili, na mama yao thumuni, kisha kilichobaki ni chake yeye.

Zingatia mambo matatu katika kisa hiki. Mwanamke yule hakuona haya kudai, wala Mtume hakumwambia kwamba ana tamaa. Ami hakunyimwa, bali alipewa kilicho chake baada ya wenye mafungu kupewa yao. Na mila haikupewa nafasi ya kusema neno, ijapokuwa ilikuwa ni mila ya watu watukufu wa Kiarabu. Basi ikiwa mila ya Madina iliondoshwa mbele ya aya hii, mila ya Kakamega na mila ya Mombasa zitasimama kwa miguu gani?

HESABU YA EKARI MBILI

Tuchukue sasa mfano wetu. Mtu wa Mumias amekufa, na wazee wake wawili wamemtangulia. Ameacha shamba la ekari mbili, mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwanza hutolewa gharama za kumzika. Kisha madeni yake, na mahari ya mke ambayo hajalipwa ni katika madeni. Kisha wasia wake usiozidi thuluthi kwa mtu asiye mrithi. Tuseme hayo yote yamelipwa kwa fedha aliyoacha, na shamba limebaki zima.

Mke ana thumuni, nayo ni robo ya ekari. Hubaki ekari moja na robo tatu, na hizo hugawanywa baina ya watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Wana wawili ni mafungu manne, mabinti watatu ni mafungu matatu, jumla mafungu saba, na kila fungu ni robo ya ekari. Basi kila mwana wa kiume ana nusu ekari, na kila binti ana robo ekari. Jumlisha: mama robo, wana ekari moja, mabinti robo tatu. Ni ekari mbili kamili, haikuzidi wala haikupungua.

Sasa tazama inavyofanywa. Wale vijana wawili hugawana ekari moja moja. Mama husemwa kwamba "atakaa kwa mwanawe". Mabinti husemwa kwamba "wana waume zao". Katika kila ekari moja iliyo mkononi mwa kijana, nusu ni yake halali, na nusu ya pili ni ya mama yake na dada zake. Hupanda mahindi katika nusu zote mbili, akala kwa sahani moja, akawalisha watoto wake, asijue ni punje gani ya halali na ni punje gani ya haramu. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametuonya kwamba mwenye kuchukua shibiri moja ya ardhi kwa dhuluma, Siku ya Kiama atavishwa shingoni ardhi hiyo mpaka tabaka la saba. Hiyo ni shibiri moja. Nusu ekari ina shibiri ngapi?

Aliyeipokea hadithi hiyo ni Said bin Zayd (r.a.), mmoja katika kumi waliobashiriwa Pepo. Mwanamke mmoja, jina lake Arwa, alimshitaki kwa Marwan kwamba amemega ardhi yake. Said akastaajabu: vipi atafanya hivyo naye amelisikia onyo lile kwa Mtume kwa masikio yake? Akamwachia ardhi ile, kisha akamwomba Mwenyezi Mungu amdhihirishe mwongo. Mama yule akapofuka, akafa kwa kutumbukia katika shimo la ardhi ile ile aliyoidai. Onyo hili ni la pande zote mbili: ndugu asimdhulumu dada, wala dada asidai kisichokuwa chake.

HOJA ZAO NA MAJIBU YAKE

Wasema: Ardhi ni ndogo. Ni kweli. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta katika Kakamega watu 1,867,579, nao ni zaidi ya watu 600 katika kila kilomita moja ya mraba. Lakini udogo wa mali hauondoi haki iliyomo ndani yake. Mwenyezi Mungu katika sura hiyo hiyo, aya ya 7, amefanya fungu kwa wanaume na fungu kwa wanawake katika kilichoachwa, kiwe kichache au kingi. Na tuwatazame ndugu zetu wa Java, katika nchi ya Indonesia. Kisiwa hicho kina zaidi ya watu elfu moja katika kilomita moja ya mraba, na wakulima wake wa mpunga wengi wana vijishamba vidogo. Hata hivyo, kwao si ajabu binti kurithi shamba la mpunga. Wapo wagawao sawa kwa mila yao, na wapo wafuatao kipimo wanachokifananisha na mzigo: mwanamume hubeba mti begani wenye mzigo mbele na nyuma, ndiyo mafungu mawili, mwanamke hubeba mmoja mgongoni, ndilo fungu moja. Mkulima asiyejua kusoma kitabu cha faraidh hukikumbuka kipimo hicho kila aendapo sokoni. Basi uchache wa ardhi haukuwa udhuru kwao, na kwetu utakuwaje?

Wala sharia haikulazimisha kila shamba likatwekatwe mpaka lisifae kulimwa. Warithi wakipenda, mmoja atanunua mafungu ya wenziwe kwa bei ya haki. Wakipenda, shamba litabaki moja na mavuno yatagawanywa kwa mafungu yao. Wakipenda, mmoja atachukua shamba na mwengine ng'ombe au nyumba, baada ya kuthaminiwa kwa uadilifu. Kisichofaa ni kuufanya ugumu wa kukata ardhi kuwa sababu ya kumnyima mtu thamani yake.

Wasema: Binti ataleta mume mgeni katika ardhi ya ukoo. Jawabu: mkiogopa mgeni, nunueni fungu lake. Nanyi mliokuwa mkimpa omumenya pa kulima, naye si damu yenu, mtamnyimaje mtoto wa baba yenu?

Wasema: Dada zetu wamesamehe wenyewe. Hapa, ndugu zangu, ndipo penye mtego mkubwa. Msamaha gani? Mwanamke ameitwa mbele ya wazee siku ya tatu ya msiba, macho yake mekundu kwa kulia, akaulizwa: "Je, wewe wataka kugombana na ndugu zako kwa shamba?" Akasema: "Hapana." Hilo likaandikwa kuwa ni msamaha! Mali ya Mwislamu haiwi halali kwa mwengine ila kwa kuridhika nafsi yake, na nafsi iliyotahayarishwa haikuridhika, imenyamaza tu. Mwenye kutaka kujua kama dada amesamehe kweli, na ampe kwanza hati yake mkononi, amwoneshe mipaka, amwambie thamani yake, amwache mwaka mzima. Akirudi baadaye akasema: "Chukua, nimekupa," basi ale kwa raha. Na mtoto ambaye hajabaleghe hana msamaha hata akisema mara mia. Mali ya yatima, Mwenyezi Mungu ameifananisha na moto katika matumbo ya wenye kuila.

Wasema wengine, na hawa ni wasomi wa leo: Fungu la binti kuwa nusu ya la ndugu yake ni dhuluma. Tunawajibu kwamba mwanamume amewajibishwa kulisha mke na watoto na wazee wake wasiojiweza, na binti mali yake ni yake, halazimiki kumlisha mtu. Mwenye kuyatazama mafungu na aitazame mizigo pia. Lakini twawaambia na wale wanaojibu jawabu hili kwa sauti kubwa: haikufalieni kuitetea nusu ya binti katika mabaraza hali majumbani mwenu hampi hata robo yake. Na kijana aliyechukua mafungu mawili kwa ajili ya kubeba mzigo, kisha dada yake ameachwa na watoto naye asimtazame, huyo amechukua ujira wa kazi asiyoifanya.

MAMBO MENGINE YENYE KULA MALI YA MAITI

La kwanza ni karamu za msiba. Maiti hajakauka kaburi lake, ng'ombe amechinjwa, mchele umepikwa, na fedha zimekopwa kwa jina la watoto wake. Siku ya tatu kuna chakula, na siku ya arubaini kuna chakula. Sunna ni kwamba majirani wawapikie wafiwa, kama alivyoamuru Mtume (s.a.w.) jamaa zake Jaafar bin Abi Talib wapikiwe alipouawa Muuta. Sisi tumeigeuza. Na kama miongoni mwa warithi yumo mtoto mdogo, basi kila tonge iliyotoka katika tirka bila ya haki ni mali ya yatima, hata kama imesomewa Fatiha.

La pili ni ng'ombe za mahari. Katika mila ya kule mahari huenda kwa baba na wajomba. Lakini katika Uislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe. Mwenye kutaka kumpa baba mkwe zawadi na ampe, lakini haki ya mke isimezwe na zawadi hiyo. Vile vile mjane si mali ya kurithiwa. Shemeji akimtaka baada ya eda na amposwe kama wengine, akikubali ni sawa, na akikataa thumuni yake haipungui kwa kukataa kwake.

La tatu ni mazao yaliyokuwamo shambani siku ya mauti. Tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kianze kusaga mwaka 1973, wakulima wengi wa upande ule walipanda miwa, nayo hukaa mwaka na nusu au hata miwili kabla ya kukatwa. Mwaka 2019 kiwanda hicho, baada ya kuzidiwa na madeni, kiliwekwa chini ya msimamizi wa wadai, na wakulima wakajua uzito wa kungojea fedha ya jasho lako isije. Basi mwenye kuonja uchungu huo asimwonjeshe dada yake. Miwa iliyosimama siku aliyokufa baba ni katika tirka, hata kama mkataba umeandikwa jina la mwana mkubwa. Na aliyelilima shamba lisilogawanywa miaka kumi, ana haki ya gharama zake, lakini ana hesabu ya kuwatolea wenziwe.

La nne ni hila ya mzee mwenyewe. Baba huwaandikia wana wa kiume shamba lote angali hai, ili akifa pasiwe na cha kugawa. Nuuman bin Bashir (r.a.) ametueleza kwamba baba yake alimpa kipawa peke yake, akaenda kumshuhudisha Mtume (s.a.w.). Mtume akamwuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hicho. Alipojibu kwamba hakuwapa, Mtume akakataa kuwa shahidi. Basi mzee anayeliandika shamba kwa hila hiyo, na amtafute shahidi mwengine, kwa kuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu amekataa.

ASICHEKE MTU WA PWANI

Huenda umesoma mpaka hapa ukasema: "Masikini watu wa bara." Ngoja kidogo, ndugu yangu. Ile nyumba ya babu katika Mji wa Kale, yenye duka chini na vyumba juu, iliandikwa jina la nani? Kodi ya duka huchukuliwa na nani, tangu mwaka gani? Dada wa baba yako huletewa kanga mbili kila Idi, akaambiwa kwamba huo ndio wema. Je, kodi ya fungu lake kwa miaka yote hiyo ni thamani ya kanga ngapi? Na wapo waliofanya waqfu, ibada aliyoianza Sayyidna Umar (r.a.) kwa ardhi yake ya Khaybar, kuwa mlango wa kuwatolea mabinti na watoto wao. Mtu wa Kakamega aweza kusema kwamba hakufundishwa. Sisi, ambao misikiti yetu ina mamia ya miaka, tutasema nini?

Na kuna jambo linalotuzidishia hoja. Mwaka 1972 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Urithi, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, nayo iliwatia watu wa dini zote katika kanuni moja. Waislamu wakaipinga, wakasema: Sisi tuna sheria ya Mola wetu, hatutaki nyingine. Mwaka 1990 sheria ikarekebishwa, na mali ya Mwislamu aliyekufa ikarudishwa kugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imezithibitisha Mahakama za Kadhi katika ndoa, talaka na mirathi. Basi tulidai, tukapewa. Kumbe je, tulidai ili tuitumie, au tulidai ili isitumike yoyote? Mwenye kuikataa sheria ya serikali kwa jina la Qur'ani, kisha akaikataa Qur'ani kwa jina la mila, huyo hana dini wala sheria; ana tumbo tu.

LILILO JUU YETU

Ndugu zetu, tusiishie kusikitika. Kila mwenye mali, hata kama ni ekari moja au chumba kimoja, na aandike leo anachomiliki, anachodai na anachodaiwa, pamoja na mahari ya mkewe, na ashuhudize watu wawili waadilifu. Akifa mtu, warithi wasingoje mwaka. Waende kwa Kadhi au kwa mwenye ilimu, wapate hesabu iliyoandikwa, kisha waende ofisi ya ardhi kuyageuza majina, kila mwenye fungu na jina lake. Waalimu wa madrasa na waifundishe faraidh kwa ekari na shilingi, na wawafundishe wasichana kama wavulana, kwa kuwa asiyejua fungu lake hulipoteza akicheka. Ipo hadithi mashuhuri kwamba ilimu hii ni nusu ya ilimu yote. Isnadi yake wataalamu wameidhoofisha, wala hatuihitaji, kwani aya zatosha. Na nyinyi watu wa pwani mnaokwenda Kakamega na Mumias kwa kazi na biashara, au mliooa kule, bebeni mara hii kile tulichokisahau katika msafara wa kwanza.

Mtume wetu (s.a.w.) katika khutba yake ya kuaga aliwaambia watu kwamba damu zao na mali zao ni tukufu, kama utukufu wa siku ile, katika mwezi ule, katika mji ule. Hakutofautisha mali ya mwenye nguvu na mali ya mjane. Shamba haliendi kaburini, ijapokuwa kaburi liko shambani. Mwenye kulichukua kwa dhuluma ataliacha kwa nguvu, kisha ataulizwa juu yake asipokuwa na hati wala wakili.

Ewe Mola wetu, tusafishie mali zetu na nyoyo zetu, uturudishe kwenye mipaka yako kabla ya kuturudisha kwako, uwahurumie mayatima na wajane wa umma huu, na uwatie nguvu ya kurudisha wale walio na haki za watu mikononi mwao. Amin.

Wallahu aalam.